Utepe unakatwa kwenye upasuaji, watoto wanapotea kwenye vipimo



Leo sitaandika habari za tume, wala katiba, wala nani kahamia wapi. Najua hayo ndiyo mliyozoea kuyakuta hapa. Leo tuongee masikio ya watoto. Na msikimbie, maana mwisho wa makala hii nina kazi ya kuwapa, na kazi yenyewe haihitaji hata shilingi.

Mpwa wangu ana miaka 2 na miezi 10. Hasikii. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na mwaka 1 na miezi 2 alishikwa na homa ya uti wa mgongo, ule ugonjwa unaoshambulia utando wa ubongo. Tulikesha naye wodini, tukaomba kila dua tunayoijua, na Mungu akasikia: mtoto akapona. Tukaruhusiwa, tukashukuru, tukapanda gari kurudi kijijini.

Hakuna aliyetuambia kwamba ugonjwa ule ukiondoka unaweza kuondoka na masikio. Hakuna aliyesema, "Kabla hamjaenda, tumpime huyu kama anasikia."

Ilipita miezi. Siku moja mfuniko wa sufuria ulidondoka jikoni, nyuma yake kabisa. Sisi watu wazima tuliruka. Yeye aliendelea kuchezea mchanga wake kana kwamba hakuna kitu. Dada yangu alinitazama, hakusema neno. Akauokota ule mfuniko, akaudondosha tena kwa makusudi. Mtoto hakugeuka.

Kuanzia pale safari ikaanza. Zahanati walituambia ni nta, wakatupa dawa ya matone. Tuliporudi, nesi mmoja akasema kwa upole kabisa, "Mama, watoto hawafanani, huyu ataongea tu." Kituo cha afya wakaandika rufaa ya wilaya. Wilaya wakaandika rufaa ya mkoa. Mkoani tulikuta chumba cha masikio, pua na koo, lakini mtaalamu alikuwa amehamishwa na nafasi yake ilikuwa haijajazwa. Ikaandikwa rufaa ya kanda. Kanda kipimo kimoja kipo, kingine mashine mbovu, cha tatu mpaka Dar. Sitataja hospitali yoyote wala mtu yeyote, kwa sababu wengi walituhudumia kwa moyo. Shida haikuwa mtu mmoja mwenye roho mbaya. Laiti ingekuwa hivyo, ingekuwa rahisi.

Mpaka mtoto anaingizwa kwenye mashine ya CT, ilikuwa imepita miezi 18 tangu augue. Daktari akaitazama picha, akavua miwani, akasema sikio la kulia limeshaanza kuota mfupa ndani. La kushoto bado liko wazi kiasi. Kisha akasema neno ambalo dada yangu hatalisahau: "Mngemleta mapema."

Dada akamjibu, "Tungemleta wapi, daktari?"

Swali hilo ndilo limenifanya nikae chini kuandika.

Kwanza tuelewane: kifaa chenyewe ni kitu gani?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono, kinaitwa koklea. Mna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kugeuza sauti kuwa umeme, kisha neva ya usikivu inaupeleka umeme huo kwenye ubongo. Vinyweleo vikifa havioti tena. Shime sikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni, kinakuza sauti tu. Kama vinyweleo vimekwisha, unamkuzia nani?

Kifaa cha kupandikizwa kinafanya kazi tofauti. Daktari anaingiza uzi mwembamba wenye vituo vya umeme ndani ya koklea, na nje mtoto anavaa kipokea sauti. Sauti inageuzwa kuwa umeme na kupelekwa moja kwa moja kwenye neva. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kufanya upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wanapelekwa nje, India hasa. Hilo ni jambo jema, na sisi wapinzani tusione haya kusema jema ni jema. Madaktari wetu wameiva.

Lakini hebu angalieni picha za habari. Kamera zinakuja siku ya upasuaji. Kiongozi anasimama, kifaa kinawashwa, mtoto anashtuka, mama analia, watu wanapiga makofi, na chawa wanaandika kwamba mtu fulani anaupiga mwingi. Hakuna kamera inayokwenda kwenye benchi la mkoani ambako mama amekaa na mtoto wa miaka 2 anasubiri kipimo kwa mara ya tatu.

Vipimo ni vingi, na kila kimoja kina sababu

Nilipoposti habari za mpwa wangu kwenye grupu letu, kamanda mmoja aliandika kwamba vipimo vyote hivi ni njia ya watu kula hela, eti mtoto asisikie halafu unampima moyo? Namheshimu sana, lakini hapa amekosea, na nataka tusirudie kosa hilo jukwaani. Ngoja nieleze kama nilivyoelezwa mimi.

Kwanza anatazamwa sikio la nje na ngoma yake, kisha kinakuja kipimo cha msukumo wa hewa kuona kama nyuma ya ngoma kuna maji au usaha. Kama tatizo ni usaha, mtoto anatibiwa usaha, hapandikizwi kitu.

Halafu kuna OAE. Kijiti laini kinawekwa sikioni, kinatoa sauti ndogo, na koklea nzima inarudisha mwangwi. Mwangwi usiporudi, kuna jambo. Kinachukua dakika chache, na hata mtoto wa siku moja anapimwa akiwa amelala.

ABR inakwenda mbali zaidi. Mtoto anabandikwa waya kichwani na nyuma ya masikio, anapigiwa sauti, na mashine inasoma kama ubongo umepokea. Hapa lazima alale fofofo. Mpwa wangu aliamka katikati, tukapangiwa tarehe nyingine. Nauli ile ikawa imekwenda.

Mtoto anajaribiwa pia na shime sikio kwa miezi kadhaa, kuona kama litamtosha. Likimtosha, ya nini kumpasua? Ila aliyetoka kwenye uti wa mgongo hangojewi hivyo, kwa sababu mfupa hausubiri.

CT inaonyesha mfupa: je, koklea ina umbo la kawaida, imeziba, uzi utapita? MRI inaonyesha neva yenyewe: ipo au haipo? Kuna watoto wanaozaliwa bila neva ya usikivu. Ukimpandikizia mtoto wa namna hiyo umempasua bure na umempotezea mzazi matumaini na mali.

Sasa ule moyo aliouliza kamanda. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, waliandika kuhusu familia yenye watoto viziwi waliokuwa wakizimia na wengine kufa ghafla. Umeme wa moyo wao ulikuwa na hitilafu ya kurithi. Ni hali adimu, lakini mtoto wa namna hiyo akipewa dawa ya usingizi bila daktari kujua, anaweza asiamke. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, hakina maumivu na kinamaliza dakika chache. Kwa hiyo ndiyo, kamanda, mtoto asisikie halafu apimwe moyo.

Kuna damu, ili wajue wingi wake na kama mtoto ana selimundu. Kuna chanjo: aliyepandikizwa yuko kwenye hatari zaidi ya uti wa mgongo, hivyo lazima awe amepata chanjo ya nimonia, ambayo watoto wetu wanapewa tangu 2013. Mwisho wanakaa na wazazi. Nani atanunua betri? Nani atampeleka mtoto kwenye mazoezi ya kusikia na kuongea kwa miaka, si wiki? Maana siku kifaa kinapowashwa mtoto haanzi kuelewa maneno. Anaanza kusikia kelele, na kelele hizo lazima afundishwe kuzigeuza kuwa lugha.

Hakuna kipimo hapo cha kufuta. Vyote ni ulinzi wa mtoto. Kinachotuumiza ni kwamba kipimo hiki kiko mji huu, kile mji ule, mashine moja inafanya kazi na nyingine inasubiri spea, na kati ya kipimo na kipimo kuna nauli, gesti, na tarehe ya mwezi ujao. Dada yangu ameuza magunia 11 ya mahindi, na bado hatujagusa upasuaji wenyewe.

Saa inakimbia kichwani mwa mtoto

Jambo ambalo watawala wanajifanya hawalijui ni hili: ubongo wa mtoto haukai unasubiri bajeti. Watafiti wa usikivu wameonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa kiziwi haoni faida ya kutosha ya sauti kama ataipata baada ya ubongo kuzoea ukimya. Anayepandikizwa kabla ya kufika miaka 3 na nusu ana nafasi kubwa ya ubongo wake kuzoea sauti kama wa mtoto mwingine. Kadiri unavyochelewa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ya sauti inachukuliwa na kazi nyingine. Ndiyo maana wataalamu wanatumia kanuni ya 1-3-6: mtoto apimwe masikio kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6.

Sisi je? Mtoto akizaliwa kwetu anapimwa uzito, anapata BCG, anapata matone ya polio. Masikio? Katika wodi nyingi za wazazi si utaratibu. Tunangoja mtoto afike miaka 2 bila kuongea ndipo tuanze kuulizana, na hapo bibi naye atakwambia hata baba yake alichelewa kuongea.

Kwa uti wa mgongo saa inakimbia zaidi. Mfupa unaweza kuanza kuota ndani ya koklea wiki chache tu baada ya ugonjwa. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka mtoto aliyeugua ugonjwa huo apimwe usikivu ndani ya wiki 4. Wiki 4, makamanda. Sisi ilituchukua miezi 18. Sikio la kulia la mpwa wangu halikuchukuliwa na Mungu, wala na umaskini peke yake. Lilichukuliwa na kalenda.

Najua mtaambiwa nini

Mtaambiwa nchi ina matatizo makubwa kuliko masikio. Malaria inaua, akina mama wanakufa wakijifungua. Kweli kabisa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, linasema takribani asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika: maambukizi, manjano ya watoto wachanga, matatizo wakati wa kujifungua, dawa zinazoharibu masikio. Huwezi kushughulikia hayo bila kumshughulikia mama na mtoto kwa ujumla. Ripoti hiyohiyo inakadiria kwamba dola 1 inayowekezwa kwenye huduma za masikio inarudisha karibu dola 16. Wale wanaopenda lugha ya uwekezaji, haya, uwekezaji huo hapo.

Mtaambiwa hela hakuna. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikaa Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Zaidi ya miaka 20 imepita, na sisi bado tuko chini yake. Hela ya V8 haijawahi kukosa.

Mtaambiwa bima inakuja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Bungeni Novemba 2023, na sisi tuliunga mkono wazo la kila mtu kuwa na bima. Lakini mwaka huohuo wa 2023 ndio NHIF ilisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka ambayo mzazi wa kawaida alikuwa anaimudu. Kelele zikapigwa mpaka ikarudishwa. Somo nililolipata mimi ni kwamba kelele zinafanya kazi. Kwa hiyo tuulize sasa hivi, kabla hatujaambiwa "tulishamaliza": kwenye kifurushi cha msingi, vipimo vya usikivu vya mtoto vimo? CT na MRI zimo? Mazoezi ya kuongea je?

Na kuna jambo la mwisho ambalo tutaambiwa na wenzetu viziwi wenyewe, na hili tulisikilize kwa adabu. Watatuambia kiziwi si mtu wa kuhurumiwa wala wa kutengenezwa. Wana lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania, wana chama chao CHAVITA, wana shule kama ya Buguruni, wana maisha yao kamili. Wana haki. Kuna watoto ambao vipimo vitaonyesha kwamba kifaa hakitawasaidia, na kuna ambao kitawasaidia kidogo tu. Hao tunawaambia nini? Wakae kimya mpaka wakue? Mtoto yeyote asiyesikia aanze kupewa lugha ya alama leo, awe anasubiri upasuaji au la. Mpwa wangu ameanza. Juzi aliniomba maji kwa mkono wake, na mimi mjomba wake sikuelewa mpaka dada aliponitafsiria. Aibu ilikuwa yangu, haikuwa yake.

Tunachodai

1. Mashine ya OAE na mtu aliyefundishwa kuitumia katika kila wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, na jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki kama uzito unavyoandikwa.

2. Mtoto aliyelazwa kwa uti wa mgongo asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya kipimo cha usikivu, ndani ya wiki 4.

3. Vipimo vyote vya kabla ya upasuaji vipatikane katika kila hospitali ya kanda kwa ratiba moja. Mama aje mara moja, akae wiki moja, aondoke na jalada lililokamilika.

4. Bima na bajeti zilipie safari nzima: vipimo, nauli ya rufaa, kifaa, betri na mazoezi. Kulipia upasuaji pekee ni kujenga ghorofa bila ngazi.

5. Wizara itangaze kila mwaka watoto wangapi wamepimwa, wangapi wanasubiri, na wanasubiri kwa muda gani. Majina hatuyataki. Tunataka namba.

6. Lugha ya Alama ya Tanzania kwa kila mtoto asiyesikia na kwa wazazi wake, kuanzia siku tatizo linapogundulika.

Na sisi tujikosoe

Tusijifanye watakatifu. Tumewahi kuwa na madiwani, tumewahi kuongoza halmashauri, na hospitali ya wilaya bajeti yake inapita halmashauri. Ni wangapi kati yetu waliwahi kuuliza habari ya chumba cha masikio? Mimi binafsi sikuuliza, mpaka mfuniko ulipodondoka jikoni kwetu. Kama siasa yetu inangoja msiba uingie nyumbani ndipo ipate sauti, tutawalaumuje wengine kwa uziwi?

Kazi yenyewe ni hii. Kila tawi, mwezi huu, watu wawili waende hospitali ya wilaya yao kwa heshima, bila bendera wala vurugu, waulize maswali matatu: Mashine ya kupima masikio ya watoto wachanga ipo? Inafanya kazi? Nani anaitumia? Majibu tuleteeni, tutayapanga wilaya kwa wilaya, na wabunge na madiwani watakaosimama kuuliza watakuwa na karatasi mkononi.

Na nyumbani, leo hii, kabla ya kulala: mtoto mchanga anashtuka mlango ukipigwa kwa nguvu? Wa miezi 6 anageuka upande ulikotoka sauti? Wa mwaka 1 anaitika jina lake akiitwa kutoka nyuma, bila kukuona? Kama hapana, usikubali kuambiwa watoto hawafanani. Dai kipimo. Ukinyimwa, dai kwa maandishi.

Mpwa wangu bado anasubiri. Sikio la kushoto liko wazi kiasi, daktari amesema. Vipimo vimebaki viwili na maombi ya ufadhili yako mezani kwa mtu. Tumeambiwa tutapigiwa simu. Dada yangu sasa analala na simu kifuani, sauti juu, na kila ikilia anamtazama kwanza mtoto kama amesikia.

Mapambano yanaendelea.